Wahudumu walei wa wagonjwa: walivyomuuguza mama yangu, na nyota moja niliyowazuilia

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye mgonjwa ndani, aliyekwisha kuchoka, ambaye ameambiwa parokiani kwamba kuna walei wanaojitolea kuhudumia wagonjwa majumbani na sasa anasita kuwaita. Wanakuja kufanya nini hasa? Watasali kidogo waondoke? Watatoa habari zetu nje? Watataka chochote? Hayo yote nilijiuliza mimi kabla yako. Mama yangu aliugua saratani iliyoanzia kwenye titi ikaingia kwenye mifupa ya mgongo. Tulimuuguza nyumbani hadi mwisho, na watu hawa walikuwa nasi tangu alipoacha kutembea mpaka baada ya mazishi.

Jibu langu: waite, na waite mapema. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa sababu nitakazozitaja, maana ni mambo yanayorekebishika na natamani sana yarekebishwe.

Kwanza, ni watu gani. Si masista wala mapadre, na si wauguzi wa kuajiriwa. Ni waumini wa kawaida wenye familia na kazi zao, wanaotoa saa zao kwa zamu inayopangwa na mratibu wa parokia. Hawamtozi mgonjwa kitu, na kwetu hawakukubali hata nauli. Waliozoea kuja ni wawili: mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye nilimwita Mama Mkubwa kwa sababu alimzidi mama yangu umri, na kijana fundi umeme aliyekuwa anapitia kwetu akitoka kazini. Daima wawili.

Nilimuuliza Mama Mkubwa kwa nini hawaji mmoja mmoja, maana niliona wangefikia nyumba nyingi zaidi. Akaniambia alilelewa katika Lejio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki, na huko ndiko alikojifunza kutoka wawili wawili. Lejio ilianza Dublin mwaka 1921, na kazi ya kwanza waliyopewa wanachama wake wa mwanzo ilikuwa kuwatembelea wanawake wagonjwa katika hospitali ya maskini. Faida ya utaratibu huo niliiona chumbani kwa mama. Mmoja anashika mabega, mwingine nyonga. Mmoja anakaa na mgonjwa, mwingine anakutoa nje akuulize wewe umelala saa ngapi. Na lipo jambo lisilosemwa sana: nyumba ya mgonjwa asiyejiweza ina dawa kali, ina pesa za matibabu, na ina mtu asiyeweza kujitetea. Wakiwa wawili, kila mmoja ni shahidi wa mwenzake, nawe unaweza kutoka kwenda dukani bila wasiwasi.

Kilichokuwa kimetushinda ni kumwogesha mama. Dada zangu wanaishi mbali, mimi ndiye niliyekuwa naye, na ni mwanamume. Alikubali nimlishe, nimpe dawa, nimshike mkono usiku kucha, lakini nikikaribia na beseni anavuta shuka hadi kidevuni. “Hapana, mwanangu.” Basi. Akawa anajipangusa mwenyewe pale mkono unapofika, na pasipofikika panabaki hivyo hivyo.

Mama Mkubwa alipoingia mara ya kwanza hakwenda kwenye beseni. Alivuta kiti, akakaa mahali ambapo mama anaweza kumwona bila kugeuza shingo, wakaongea habari za watoto. Ndipo akauliza: “Mdogo wangu, nikupanguse leo, au leo nikuache upumzike?” Mama akasema leo niache. Akamwacha. Aliporudi akauliza vilevile, na safari hiyo mama akakubali. Swali hilo aliliuliza kila alipokuja, hata baadaye mama alipokuwa hawezi kujibu ila kwa kufumba macho. Nimeona watu wengi wakimhudumia mgonjwa kwa haraka na kwa nguvu kana kwamba akishalala kitandani mwili wake umekuwa mali ya wauguzaji. Huyu hakuwa hivyo.

Mimi nilikaa nje ya pazia nikipokezana naye maji, naye akawa ananieleza kila hatua kwa sauti ili nijue cha kuwaambia dada zangu watakapokuja. Mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia. Uso kwanza, kwa maji matupu, macho yakifutwa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Kisha mkono mmoja unafunuliwa, unaoshwa, unakaushwa kwa kugusisha taulo bila kusugua, unafunikwa, ndipo wa pili. Mwili hauachwi wazi wote hata mara moja. Maji yanabadilishwa kabla ya kushuka chini ya kiuno. Kwenye mikunjo, yaani kwapani, chini ya matiti na kwenye kinena, panakaushwa kwa makini zaidi, kwa sababu unyevu ukikaa hapo ngozi inachubuka. Yote hayo yalichukua muda mrefu, na hakuna hata mara moja niliyomsikia akiharakisha.

Kugeuza nilifundishwa na yule kijana. Unachukua shuka la kawaida, unalikunja mara mbili, unalitandika chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani. Watu wawili wanalishika kila mmoja upande wake, karibu na mwili, wanamwinua kidogo na kumsogeza. Ukimvuta mgonjwa kwa makwapa, ngozi ya mgongo inasuguka kwenye godoro, na ngozi iliyodhoofika huchunika upesi. Kwa mama, ambaye mifupa ya mgongo ilikuwa imeliwa na ugonjwa, mabega na nyonga zilipaswa kwenda pamoja bila kuusokota uti wa mgongo. Muuguzi wa hospitali alikuwa ameandika hivyo kwenye karatasi, na kijana aliisoma karatasi yote kabla hajamgusa.

Kila saa mbili, upande mwingine. Mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visigusane na godoro. Kila tukimgeuza tunakagua visigino, nyonga na kifandugu. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi, kwa hiyo kijana alinionyesha kupapasa kwa mgongo wa kiganja: pakiwa na joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, hapo kidonda kinaanza, na upande huo haulaliwi tena mpaka pawe sawa. Mama alikufa hana kidonda cha kulalia hata kimoja. Aliyewahi kumuuguza mtu wa kulala kitandani muda mrefu anajua hilo si jambo dogo.

Halafu kulikuwa na maumivu. Daktari alimwandikia morfini ya maji, anywe kila baada ya saa nne. Mama akaikataa. Ameshika rozari, anasema maumivu haya nayatolea kwa ajili ya wanangu, na Bwana Yesu msalabani hakunywa dawa. Mimi na dada zangu tulishindwa la kusema. Ukibishana na mtu anayetaabika kwa imani unajiona kama unabishana na Mungu.

Hapa ndipo nilipowaheshimu kabisa. Ingekuwa rahisi kumsifu kwa uvumilivu wake, wengine waliokuja kumwona walikuwa wanafanya hivyo. Mama Mkubwa alimwuliza tu: “Yakizidi, unaweza kusali?” Mama akakaa kimya, kisha akasema hapana, yakizidi hata Salamu Maria haimaliziki. Ndipo akamweleza taratibu kwamba Kanisa halimdai mtu maumivu. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwajibu madaktari kwamba ni halali kumtuliza mgonjwa kwa dawa kali, hata pale ambapo dawa hizo huenda zikafupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na kifo chenyewe si kitu kinachokusudiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inasema hivyo hivyo, na inaongeza kwamba tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, ni namna ya pekee ya upendo na inapaswa kuungwa mkono. Anayetaka kutolea mateso yake bado anayo ya kutolea, akamwambia: udhaifu, kutegemea watu, kuwaacha watoto. Hayo morfini haiyaondoi.

Hakuishia hapo. Alisema jambo la dhamiri lisitoke kwa mlei peke yake, akamwomba padre aje. Padre akaja, akasema yale yale kwa maneno machache, akambariki. Jioni ile mama akanywa dozi ya kwanza. Usiku huo alilala, nami nikalala.

Kijana akabandika ukutani karatasi yenye saa, kiasi na mahali pa kuweka sahihi. Muuguzi wa tiba shufaa aliyekuwa anapita alituhimiza tufuate saa na si kilio, maana ukingoja maumivu yarudi ndipo utoe dawa, yanakuwa yamekwisha kukutangulia. Ndiye aliyetusimulia kwamba utaratibu huo ulithibitishwa London na Cicely Saunders, mwanamke ambaye si Mkatoliki, alipokuwa anafanya kazi katika hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Joseph's iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, kabla hajafungua ya kwake, St Christopher's, mwaka 1967. Alituambia pia jambo ambalo kila nyumba yenye morfini inapaswa kulijua: dawa hii hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inaanza siku ile ile, haingoji shida itokee.

Wahudumu wenyewe hawakuigusa chupa ya morfini hata mara moja mama alipokuwa hai. Ilikuwa kanuni yao. Waliangalia karatasi, waliniamsha saa ikifika, walimshika mama kichwa anywe, lakini aliyepima na kutoa ni mimi. Mwanzoni niliona ni kujivua mzigo. Nilipofikiri niliona ni busara, na leo ningemshuku mhudumu wa kujitolea anayejipa kazi ya daktari.

Kuna mipaka mingine ya aina hiyo, na ni vizuri uijue kabla, usije ukawadai wasichoweza. Mlei hatoi Mpako wa Wagonjwa. Hiyo ni kazi ya padre, kama Waraka wa Yakobo 5:14 unavyosema, waitwe wazee wa Kanisa. Wanachofanya ni kuona mapema kwamba wakati umefika na kumwita padre mgonjwa akiwa bado na akili zake. Familia nyingi hungoja mpaka mtu amezimia, kwa kuogopa kwamba padre akionekana mlangoni mgonjwa atakata tamaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya walio katika pumzi za mwisho tu. Mama alipakwa mafuta akiwa ameketi ameegemea mito, akaitikia sala zote, akaungama. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo alikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu aambiwe ugonjwa wake.

Komunyo, hiyo walei walioteuliwa wanaweza kuileta, tangu Papa Paulo VI aliporuhusu mwaka 1973. Kwetu ililetwa na mhudumu wa Ekaristi kila Jumapili baada ya Misa. Nilipomwambia mimi siwezi kupokea kwa kuwa nimetoka kula sasa hivi, alinifahamisha kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowauguza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyopita. Na wanaowauguza! Kwamba kuna mtu, mahali fulani, wakati anaandika sheria alimkumbuka anayekesha pembeni ya kitanda, jambo hilo lilinigusa kuliko mahubiri mengi.

Msaada wa vitu usiutarajie kutoka kwa kila kikundi. Lejio ya Maria kwa kanuni zao hawatoi pesa wala vitu. Wao wanatoa miguu yao na muda wao. Ukihitaji vitu, uliza kuhusu Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kile alichokianzisha Frederic Ozanam na wanafunzi wenzake Paris mwaka 1833. Hao nao hutembelea majumbani, na msaada wa vitu ni sehemu ya kazi yao. Kwetu nepi za watu wazima na godoro la hewa vilikuja kwa mlango huo, baada ya mratibu kuwapigia simu. Mimi sikujua hata kuuliza.

Sasa hiyo nyota niliyoizuia.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Siku hiyo kwetu walikuja watu wengi kwa mpigo, si wale wawili, ni kikundi kizima chenye sare. Waliimba nyimbo ndefu kwenye chumba ambacho hata hewa ya kuwatosha hakina. Mmoja akatoa simu akaanza kupiga picha: mama kitandani, bila kilemba, mdomo umekauka. Hakuna aliyemwuliza. Mwingine, aliyekusudia wema naamini, alimwinamia akamwambia atafute moyoni kama kuna mtu hajamsamehe, huenda ndiyo maana haponi. Mama alilia walipoondoka. Saratani iliyokwisha kula mifupa haikuletwa na kinyongo, na kumwongezea mtu hatia juu ya maumivu ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole.

Nilimweleza mratibu. Alikuja mwenyewe kuomba radhi, akazifuta picha mbele yangu, na tangu hapo wageni wa jumla wakawa wanasubiri hadi mmoja wa wale wawili aseme kama mgonjwa yuko tayari. Nampongeza kwa hilo. Lakini jambo hili halipaswi kungoja malalamiko. Anayeingia chumba cha mtu anayekufa afundishwe kwanza, hata kama anaingia kwa nusu saa.

La pili ni siri. Hali ya mama, mpaka habari za choo chake, ilitajwa kwenye sala za pamoja “ili tumwombee”. Mungu hahitaji maelezo hayo. Jina na neno “mgonjwa” vinatosha.

La tatu ni Juma Kuu. Tangu Jumatano hadi Pasaka zamu zilikatika, kwa sababu kila mtu ana kwaya, ana mazoezi, ana kazi ya kupamba kanisa. Ni juma lile lile ambalo Kanisa linamkumbuka mtu anayekufa mbele ya mama yake. Yule kijana alipita Ijumaa usiku kwa hiari yake, akiwa amechoka, akanisaidia kumgeuza akaondoka. Mtu mmoja mwenye moyo hawezi kuziba pengo la ratiba. Na usiku kwa ujumla hakuna huduma, wakati usiku ndio mgonjwa anaogopa na mwuguzaji anavunjika. Hata zamu moja ya usiku kwa wiki ingebadilisha mengi.

Nimewahi kusikia watu wakisema, kwani hao si wa kujitolea tu, utawadai vipi? Mimi nadhani wanadaiwa kwa sababu hiyo. Kamilo wa Lellis, ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wagonjwa, alianza mwaka 1582 katika hospitali ya San Giacomo kule Roma kwa kukusanya wanaume wachache wa kuwahudumia wagonjwa kwa upendo, kwa kuwa aliona watumishi wa mshahara walivyowatelekeza. Ikiwa anayefanya kwa upendo naye atafanya ovyo, mgonjwa amebaki na nani?

Siku za mwisho ndizo walizonifaa kuliko zote, na hapo sina lawama yoyote.

Mama aliacha kutaka chakula. Dada zangu, waliokuwa wamefika, walitaka kumlazimisha kijiko kwa kijiko. Kumwona mzazi hali ni jambo gumu kuvumilia. Mama Mkubwa aliwakalisha jikoni akawaeleza kwamba mwili unaokaribia kufunga kazi hauhitaji tena chakula, na mtu anayeshindwa kumeza anaweza kupaliwa kikaingia mapafuni. Kumnyima chakula anayekitaka ni jambo moja, kutomlazimisha aliyekwisha kukiacha ni jambo jingine. Akawapa kazi ya mikono, maana walihitaji kufanya kitu: pamba iliyoloweshwa maji, kamua isidondoke, pitisha kwenye midomo, kwenye ufizi, juu ya ulimi, kila mara kinywa kinapokauka. Kisha mafuta kidogo midomoni. Dada yangu mkubwa alifanya hivyo hadi mwisho, na nafikiri ndicho kilichomshikilia asianguke.

Alitueleza pia kuhusu pumzi kabla haijabadilika, na hilo lilituokoa na taharuki kubwa. Zitakuja kwa kasi, alisema, halafu zitasimama, mtadhani amekwenda, halafu zitaanza tena. Koo litakoroma kwa sababu mate hayamezwi. Kwenu linatisha, yeye pengine halisikii. Mikono na miguu itapoa. Na semeni naye, msiseme juu yake, kwa kuwa masikio yanaweza kuwa yanasikia wakati macho yamefumba. Kila alichokisema kilitokea, nasi tulikuwa tumeandaliwa.

Sala zilikuwa fupi. Zaburi ya 23, Baba Yetu, kisha kimya cha muda mrefu, kisha fungu moja la rozari kwa sauti ya chini. Mama Mkubwa alikuwa anasali kwa mwendo wa pumzi za mama, anangoja. Padre alikuwa amekwisha kuja na Komunyo ya mwisho, ile ambayo Kanisa humpa anayekufa kama chakula cha safari, kipande kidogo sana pamoja na maji kidogo.

Katika saa hizo nilimwuliza kwa nini anafanya kazi hii. Alisema alipofiwa na mume wake alikaa ndani muda mrefu, hajui la kufanya na mikono iliyokuwa imezoea kuuguza. Kisha mtu akamsimulia habari za Jeanne Garnier wa Lyon, Ufaransa, aliyefiwa na mume na watoto akiwa bado kijana, na mwaka 1842 akawakusanya wajane wenzake kuwatunza wanawake wenye magonjwa yasiyopona ambao hawakuwa na pa kwenda. Hawakuweka nadhiri za kitawa. Walibaki wajane wa kawaida. “Nikaona kumbe na mimi naweza,” akasema, akarudi kukamua pamba.

Mama alifariki alfajiri, tukiwa sisi watoto peke yetu, na tulijua la kufanya. Wahudumu walifika kulipokucha. Mama Mkubwa na dada zangu walimwosha kwa utaratibu ule ule, mkono mmoja kisha mwingine, akiwa amefunikwa. Kijana aliondoa dawa zilizobaki mezani akaniwekea kwenye mfuko nirudishe hospitali, akanikumbusha kwamba morfini haitupwi wala haigawiwi mtu.

Baada ya mazishi waliendelea kuja, kwa nafasi zaidi. Hili sikulitegemea. Watu wote wakishatawanyika, mwuguzaji anabaki na nyumba iliyo kimya na usingizi usiokuja, kwa sababu mwili umezoea kuamka kila saa nne. Wao wanalijua hilo.

Ukiamua kuwaita, nenda kwa mratibu wa huduma ya wagonjwa au ofisi ya parokia, na usingoje wiki ya mwisho. Wanahitaji muda wa kuzoeana na mgonjwa. Uliza nani atakuja na kama ni wale wale kila mara. Uliza wanafanya nini wakati wa sikukuu. Waambie saa ambazo mgonjwa ana nafuu, na sema mapema kabisa kwamba hutaki picha. Mgonjwa akiwa si Mkatoliki bado wanakuja: Mama Mkubwa wakati ule ule alikuwa anamwogesha bibi mmoja Mwislamu, na huko hakutoa rozari mfukoni, aliuliza familia wanataka chumba kiweje saa za sala zao, akafuata walivyomwambia.